Mchanga Ukienda na Kusi, Tusiufungie Njia ya Kurudi

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mazingira ya pwani mbele ya wavuvi, akina mama karanga, wahudumu wa ufuoni na wenye ploti zinazopakana na bahari katika Kaunti ya Kilifi, wakati kusi ilipoanza kushika. Tunayachapisha pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa, kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Muda ni mchache na wavuvi wanaangalia maji, kwa hivyo niruhusuni niseme itifaki imezingatiwa, niingie kwenye jambo lililotukutanisha.

Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, malalamiko ni yaleyale. Bahari imekula ufuo. Mnazi umeanguka. Ngazi ya kuteremkia mchangani imebaki inaning'inia. Pale tulipokuwa tukipandisha madau sasa ni mawe matupu. Na kila mwaka ombi pia ni lilelile: tujengewe ukuta. Wapo wasiongoja kujengewa. Unaamka asubuhi unakuta lori limeshamwaga mawe, mafundi wameshachanganya simiti, na hakuna aliyeona kibali chochote.

Sikuja kuwaambia kwamba hofu yenu haina msingi. Mtu anayeona bahari ikikaribia nyumba yake ana haki ya kuogopa. Nimekuja kuwaomba tutenganishe mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. Kuna mchanga unaoondoka kwa msimu na kurudi kwa msimu. Na kuna ardhi inayoondoka isirudi. Tukiyachanganya, tutatumia pesa nyingi kujenga kuta ambazo zitaligeuza la kwanza liwe la pili.

Mchanga wetu unatoka wapi

Tuanze na mchanga wenyewe. Ukisimama Watamu, Bofa, Vipingo au Kikambala, ule mchanga mweupe haukuletwa na mto. Umetengenezwa humuhumu baharini. Ni vipande vya matumbawe, magamba ya kome na konokono wa baharini, na vipande vya mimea ya baharini ambayo mwili wake una chokaa. Mimea hiyo ikifa huvunjika, na vipande vyake huwa mchanga.

Mfanyakazi mwingine ni samaki pono. Wengi wenu mnamjua kwa usingizi wake, lakini mchana pono hana mchezo. Anauguguna mwamba kwa mdomo wake mgumu akitafuta chakula, anameza vipande vya matumbawe, na kinachotoka nyuma ni mchanga safi. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Kwa hivyo tunapomaliza pono kwa nyavu zenye macho madogo, tunapunguza kitoweo, na pia tunapunguza mchanga wa watoto wetu.

Mwamba una kazi ya pili. Mawimbi yanayotoka bahari kuu huvunjika pale juu ya mwamba, na yanapotufikia ufuoni nguvu yake imekwisha sehemu kubwa. Utafiti mmoja uliojumlisha vipimo kutoka miamba ya matumbawe ya nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kwa wastani mwamba hupunguza nguvu ya mawimbi kwa asilimia 97. Hakuna mkandarasi anayeweza kutujengea ukuta wa namna hiyo. Tunao tayari, na haukutugharimu hata shilingi.

Nyuma ya mwamba, kwenye maji ya kina kifupi, kuna nyasi za baharini. Hizo hushika mchanga wa chini usipeperuke ovyo. Kisha uko ufuo, na juu ya ufuo kuna tuta la mchanga lenye majani yanayotambaa, yale yenye maua ya zambarau. Mwamba, nyasi, ufuo na tuta ni nyumba moja yenye vyumba vinne. Ukibomoa kimoja, vingine vitatikisika.

Kusi na kaskazi

Wavuvi mnajua pepo kuliko mimi, lakini naomba niyaseme kwa ajili ya wasiokwenda baharini. Kaskazi huvuma kuanzia takriban Desemba hadi Machi, ikitoka kaskazini mashariki. Kusi huanza Aprili, hupata nguvu kamili Juni hadi Agosti, na kulegea kuelekea Oktoba, ikitoka kusini mashariki. Kati yake kuna matlai, bahari ikatulia.

Kwa sehemu kubwa ya pwani yetu, kusi ndiyo yenye nguvu zaidi. Mawimbi ya kusi hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, hukwangua mchanga kutoka juu ya ufuo na kuuteremsha chini, kwenye mafungu yaliyoko majini kati ya ufuo na mwamba. Ndiyo maana wakati huo ufuo huwa mwembamba na wenye mteremko mkali, na mawe ya chini hujitokeza. Pili, kwa kuwa mawimbi huja kwa mshazari, husukuma mchanga kando ya pwani kuelekea kaskazini. Kaskazi ikiingia, mwelekeo hugeuka. Mchanga husukumwa kurudi kusini, na mawimbi madogo ya bahari tulivu huupandisha kidogokidogo kutoka kwenye mafungu hadi juu ya ufuo.

Hivyo mchanga haukuibwa. Umehama. Uko majini mbele yako, au uko kwa jirani yako upande wa pili wa ghuba. Ndiyo sababu katika ghuba ndogondogo zetu, mwezi huohuo mmoja, mtu wa ncha ya kusini analia na mtu wa ncha ya kaskazini anafurahi kwamba ufuo wake umepanuka. Baada ya miezi sita wanabadilishana vilio.

Ongezeni hapo maji yenyewe. Katika pwani yetu bamvua kubwa huweza kupandisha na kushusha maji kwa karibu mita 4, wakati maji mafu ni tofauti ndogo tu. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na mwezi wa 3 na mwezi wa 9, siku zile ambazo usiku na mchana hulingana. Ikitokea bamvua kubwa, upepo mkali na mawimbi vikutane saa moja, ufuo unaweza kupoteza kwa usiku mmoja kiasi cha mchanga ambacho utatumia miezi kukirudisha. Kuondoka ni kwa ghafla, kurudi ni kwa polepole. Sisi wanadamu tunaiona siku ya kuondoka. Siku za kurudi zinatupita bila kuziona.

Si kila mahali ni msimu

Hata hivyo, nisiwadanganye kwamba kila kinachoondoka kitarudi. Tutazame mifano miwili iliyo karibu.

Wa kwanza ni Malindi. Hapo bahari haikaribii mji. Inasogea mbali nao. Mto Sabaki, ambao huko juu tunauita Athi na kisha Galana, unaleta mchanga na udongo kutoka bara na kuumwaga kaskazini mwa mji. Mawimbi na upepo huusambaza, na kwa upande wa Mambrui upepo umeujenga kuwa vilima. Katika ghuba ya Malindi ufuo umepanuka kiasi kwamba majengo yaliyokuwa jirani na maji sasa yako mbali nayo. Watafiti waliochunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, ambalo hujiongezea tabaka kila mwaka kama mti, waliona alama za udongo wa bara zikiongezeka kuanzia mapema karne ya 20, wakati mashamba na mifugo vilipoongezeka huko juu. Kwa hivyo mchanga unaokanyagwa Malindi leo ni shamba la mtu fulani wa bara lililosombwa na mvua. Na udongo huohuo ukizidi, huyafunika matumbawe yanayotengeneza mchanga mweupe.

Mfano wa pili ni Kipini, kwa jirani zetu wa Kaunti ya Tana River. Kule bahari imechukua nyumba na ardhi, na haikurudisha. Kipini iko kwenye mlango wa Mto Tana, na mahali kama hapo, penye maji ya mto na tope, hapana mwamba wa matumbawe wa kuvunja mawimbi mbele ya mji kama tulio nao sisi Watamu. Ufuo wa namna hiyo unategemea mto uulishe. Lakini juu ya Mto Tana, kati ya mwaka 1968 na 1988, yalijengwa mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma hadi Kiambere, na bwawa lolote hunasa mchanga na tope ambavyo vingeteremka hadi baharini.

Kisha kuna jambo linalotugusa sote. Usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Sentimita 20 ni kama ngazi moja ya nyumba. Wimbi lile lile la zamani sasa linaanza kupiga kutoka ngazi ya juu zaidi. Na mwaka 1998, joto la bahari lilipozidi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Mwamba unaokufa haukui, na usiokua hauwezi kupanda pamoja na maji.

Kwa hivyo tuna mambo mawili kwa pamoja: pumzi ya msimu, na juu yake shinikizo la miaka mingi. Swali la kila ufuo ni hili: je, hapa petu tunaona pumzi tu, au tunaona deni linaloongezeka?

Ukuta unafanya nini

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufuoni methali hii inageuka. Ukijenga ukuta kwa pupa, ndio unaoleta ufa.

Wimbi likipanda ufuo wa mchanga, nguvu yake inamalizika taratibu kwenye mteremko, maji mengine yanazama mchangani, na mchanga unabaki. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima, nguvu haina pa kwenda. Inarudi chini na kuchimba mguu wa ukuta. Mchanga ulio mbele unasombwa, maji yanakuwa na kina zaidi, na wimbi linalofuata linafika likiwa kubwa zaidi. Kaskazi ikija, ule mchanga unaotaka kupanda haupati mahali pa kutulia. Hapo ndipo ufuo wa msimu unapogeuka kuwa ufuo uliopotea.

Pia, wakati wa bamvua kali ufuo hukopa mchanga kutoka kwenye tuta la nyuma. Ukuta unalifungia tuta hilo nyuma yake, na ufuo unakosa pa kukopa.

Kisha ziko ncha za ukuta. Mawimbi huzunguka pale ukuta unapoishia na kuchimba ploti ya jirani kwa kasi kuliko mwanzo. Jirani naye anajenga. Wa tatu naye anajenga. Baada ya miaka michache kuna ukuta wa nusu kilomita, kila mmoja katumia pesa zake, na hakuna hata mmoja aliye na ufuo.

Naomba tulishike neno hili: ukuta unalinda ardhi iliyo nyuma yake, hauulindi ufuo ulio mbele yake. Pengine mahali fulani tutaamua kwamba ardhi ya nyuma ni muhimu zaidi, kwa mfano barabara, zahanati au makaburi. Huo ni uamuzi halali. Lakini tuufanye tukijua kwamba tunautoa ufuo kuwa malipo.

Anayelipa ni nani

Anayejenga ukuta si yeye peke yake anayelipa. Mvuvi anapoteza mahali pa kupandisha dau wakati wa kusi, wakati ambao ndio anapahitaji zaidi. Mama karanga anayesubiri samaki hana pa kusimama maji yakijaa. Kijana anayetembeza watalii anakuta njia ya mchanga imekatika, na mgeni hawezi tena kutembea kutoka hoteli moja hadi nyingine. Mwenye hoteli naye ameulinda mgahawa wake, lakini mgeni hakusafiri kutoka mbali aje kuangalia simiti.

Yupo pia ambaye hawezi kuja kwenye kikao hiki: kasa. Kasa jike hupanda usiku, juu ya mstari wa maji yanapojaa, huchimba na kufukia mayai yake. Mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili. Akikuta ukuta, hurudi baharini, au hutaga chini ambako maji yatayafikia na kuyaoza. Watamu na Malindi zina hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, na kasa ni miongoni mwa sababu zinazowaleta wageni. Hatuwezi kuwahifadhi majini huku tukiwafungia mlango wa nchi kavu.

Sheria inasemaje

Watu wengi huamini kwamba mwenye ploti ya ufuoni anamiliki hadi majini. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Iko chini ya Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi wote, na inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Ukuta uliojengwa ndani ya eneo hilo umejengwa katika ardhi yangu na yako.

Mtu anayetaka kujenga ukuta ufuoni, hata ndani ya ploti yake, anahitaji idhini ya ujenzi kutoka kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Pia anahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na leseni kutoka NEMA chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999. Mkiona mawe yanamwagwa, ulizeni karatasi hizo mbili. Muulizeni kwa heshima, lakini muulizeni. Pale tathmini inapotangazwa kwa umma, wananchi wana nafasi ya kuandika maoni. Barua ya BMU yenye sahihi za wanachama na picha za ufuo ina uzito kuliko kelele za siku ambayo ukuta umeshakauka. Ikishindikana, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo chake hapa Malindi.

Tupime wenyewe

Sasa nifike kwenye kazi ninayowaachia. Hatuwezi kujua kama ufuo wetu unapumua au unakufa kwa kukumbuka tu. Kumbukumbu ya binadamu hushika siku mbaya na kusahau siku nzuri. Tupime, na kupima kwenyewe hakuhitaji mashine.

Chagueni kitu ambacho hakitahama: kona ya jengo imara, mbuyu, au nguzo ya zege iliyo mbali na maji. Kitieni alama ya rangi. Kila mwezi, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, bahari ikiwa imekupwa, nyosheni kamba ya kupimia kutoka kwenye alama hiyo kuelekea baharini, kila mara kwa mwelekeo uleule. Andikeni vipimo viwili: umbali hadi pale majani yanapoishia, na umbali hadi kwenye mstari wa takataka na nyasi ulioachwa na maji yaliyojaa mara ya mwisho. Pigeni picha moja mkisimama mahali palepale. Andikeni tarehe kwenye daftari. Kazi hii ni ya nusu saa, na darasa la shule ya msingi linaiweza likiwa na mwalimu wake.

La muhimu ni namna ya kulinganisha. Msilinganishe Februari na Agosti. Linganisheni Februari na Februari, Agosti na Agosti. Nitoe mfano wa kubuni. Tuseme Februari mmepata mita 30, Agosti mita 18, na Februari iliyofuata mita 29. Ufuo huo ulipoteza mita 12 na ukarudishiwa 11. Unapumua, uacheni. Lakini mkipata 30, kisha 18, kisha 24, na mwaka wa tatu Februari ikawa 19, hapo msimu unarudisha nusu tu. Hilo ni deni, na mstari wa majani nao utakuwa unarudi nyuma kila mwaka. Daftari la namna hiyo mkilileta ofisini, au mkiwapa watafiti wa KMFRI kule Mombasa, mtakuwa mmeleta ushahidi. Bila daftari, tutaendelea kubishana kwa hisia.

Ya kufanya na ya kuacha

La kwanza, tuache kuchukua mchanga ufuoni. Lori la tani 7 hubeba takriban mita 4 za ujazo. Hiyo ni sawa na kuondoa tabaka la sentimita 10 katika eneo la mita 4 kwa mita 10, kwa safari moja. Lori haliurudishi wakati wa kaskazi.

La pili, tusifagie nyasi zote za baharini zinazoletwa na maji. Najua zinanuka, na wageni hulalamika. Lakini zile nyasi hunasa mchanga na kulisha tuta, na zinapobebwa kwa mikokoteni huondoka na mchanga mwingi. Kama ni lazima kusafisha, tukusanye takataka za plastiki kwa mkono, na nyasi tuzisogeze hadi chini ya tuta.

La tatu, turudishe majani ya kutambaa kwenye tuta na tuweke njia chache za kupita badala ya kukanyaga kila mahali. Uzio mfupi wa makuti hupunguza upepo na kukusanya mchanga. Mivinje ina kivuli kizuri, lakini iliyopandwa ukingoni kabisa huanguka mapema, na chini yake majani madogo hayaoti vizuri.

La nne, anayejenga upya ajenge nyuma zaidi. Kanuni za upimaji za mwaka 1994 zinataka kwamba, kwa kawaida, ardhi ya serikali ya ufuoni inapotolewa, ibakizwe angalau mita 60 juu ya mstari wa maji kujaa. Nafasi hiyo ndiyo mfuko wa akiba wa ufuo. Mwenye nafasi nyuma ya nyumba atakuja kushukuru.

La tano, tuulinde mwamba. Wenzetu wa Kuruwitu walitenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na samaki wakarudi. Samaki wakirudi, pono naye yumo.

Maswali kutoka kwa waliohudhuria

Mzee mmoja mvuvi aliuliza: “Mwanangu, umesema mchanga hurudi. Mimi nimeona ufuo wetu ukipungua tangu nikiwa kijana. Hiyo nayo ni msimu?”

Jibu: Hapana, mzee wangu. Ukiona kusi baada ya kusi kwa miaka mingi mstari wa majani unarudi nyuma, huo si msimu. Maneno ya mzee kama wewe ndiyo mwanzo wa daftari. Naomba uwaonyeshe vijana pale majani yalipokuwa yakiishia zamani, wapaandike kabla hapajasahaulika.

Mama mmoja mwenye nyumba karibu na bahari aliuliza: “Nyumba yangu imebakisha hatua chache. Wewe unaniambia nipande majani na kupima kwa kamba. Kusi hii ikinifikia, nitalala wapi?”

Jibu: Mama, swali lako ni zito, na majani hayatakuokoa kwa wiki sita. Kwa nyumba iliyo katika hali hiyo, mifuko ya mchanga inaweza kutumika kwa muda, mradi mchanga usichotwe ufuoni hapohapo na mifuko iondolewe bahari ikitulia. Kama baada ya hapo kinga ya kudumu haiepukiki, isiwe ya mtu mmoja. Kaeni majirani wote, mtafute mhandisi mmoja, na mawe yalazwe kwa mteremko badala ya ukuta wa wima. Yawekwe nyuma kadiri inavyowezekana, na njia ya wavuvi na ya umma iachwe wazi. Kisha nikwambie ukweli ambao si mtamu: kwa nyumba nyingine, kuhama mapema hugharimu kidogo kuliko kujenga ukuta na hatimaye kuhama.

Kijana anayefanya kazi ufuoni aliuliza: “Wakubwa wenye hoteli wakijenga kuta hakuna anayewauliza. Sisi wadogo ndio tunaambiwa tufuate sheria.”

Jibu: Sheria niliyoisoma haina sehemu ya wakubwa na sehemu ya wadogo. Lakini haijitekelezi yenyewe. Kunapomwagwa mawe, andikeni tarehe, pigeni picha, na leteni malalamiko kwa maandishi kwa NEMA na kwa kaunti, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Malalamiko ya mdomo hupotea. Nakala yenye muhuri haipotei, na mwenye kuipokea atalazimika kujibu.

Wakazi wenzangu, maji yakijaa hupwa, na sisi watu wa pwani tumeishi na hilo miaka yote. Babu zetu hawakujenga ukingoni mwa maji, wala hawakuwa na simiti ya kushindana nayo. Waliacha nafasi. Kusi hii inapoanza, ombi langu ni kila BMU na kila kikundi cha ufuoni kianze daftari lake mwezi huu, kabla mchanga haujaondoka, ili kaskazi ikija tujue ni kiasi gani kimerudi.